Daktari wa Nani?

Mwezi Machi 2017 ujumbe kutoka Kenya ulikuja kwa Rais John Magufuli kuomba madaktari 500. Kwao mgomo wa siku 100 ulikuwa ndiyo kwanza umemalizika. Magufuli alikubali, Wizara ya Afya ikatangaza nafasi, vijana wakaomba. Madaktari wa Kenya nao wakakimbilia mahakamani, mahakama ikasimamisha mpango, na mwezi Aprili Magufuli akaamuru waombaji 258 waliokidhi vigezo waajiriwe hapa hapa nyumbani.

Magazeti yaliiandika kama habari njema, na kwa wale vijana ilikuwa njema kweli. Lakini itazame tena. Watu 258 waliosoma udaktari, wakamaliza utarajali, wakapata leseni, walikuwa wamekaa nyumbani wakisubiri kibali cha ajira, katika nchi ambayo zahanati nyingi za vijijini hazijawahi kukanyagwa na daktari isipokuwa siku ya ukaguzi. Ilibidi jirani aje kuwaposa ndipo mwenye nyumba akumbuke kwamba ana mabinti. Tangu hapo nimekuwa mzito kuamini wanaosema tatizo la madaktari wa vijijini ni uhaba tu. Uhaba upo, ila chini yake kuna swali ambalo mipango yetu hailigusi: daktari ni wa nani? Nani alimwita, nani anamlipa, na nani ana haki ya kumsimamisha njiani kumwuliza mbona jana hukuonekana?

Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo, maana imeletewa watoa tiba wa karibu kila namna ambayo dunia imewahi kubuni. Nchi yenyewe ni ile ya Ugogo wa mashariki: mibuyu, vumbi jekundu, uwele na mtama, mvua inayokuja kwa miadi yake yenyewe. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa sehemu ya Mpwapwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu karibu 310,000. Ile ya 2022 ilipita 440,000. Barabara kuu ya Morogoro–Dodoma inakatiza wilaya, na pale Kibaigwa kuna soko la mazao ambalo malori ya mahindi hulifuata kutoka mbali. Ukiacha lami ukaelekea Zoissa, Hogoro au Chamkoroma, unaanza kuelewa kwa nini mtu aliyezoea Dar es Salaam huuliza, kabla hajauliza mshahara, kama maji yapo.

Wa kwanza kuja na sanduku la dawa za Kizungu walikuwa wamisionari. Daktari Edward Baxter wa Church Missionary Society alifika Mpwapwa mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuishi katika nchi hii kwa miongo. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na Waanglikana wa Australia, waliopewa dayosisi mpya ya Central Tanganyika mwaka 1927, na katika kundi lao alikuja Paul White, daktari kijana aliyefika mwaka 1938 na kufanya kazi Mvumi, magharibi ya Kongwa. Miaka michache tu baadaye ilibidi arudi kwao kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Akiwa Sydney aliandika mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor vilivyotafsiriwa kwa lugha nyingi na kusomwa na watoto wa nchi ambazo hazijui Dodoma iko wapi. (Msitu aliouona Ugogo, Mungu anajua. Labda mchapishaji aliona kwamba daktari wa nyika hatauzika.)

Vitabu hivyo vina kasoro za zama zake: Mzungu ndiye mwenye akili ya mwisho, na mganga wa kienyeji ndiye adui. Lakini visome kwa jicho la mtu anayetafuta jinsi hospitali ya kijijini inavyoendeshwa, utaona jambo ambalo huenda mwandishi hakukusudia kulisema kwa sauti. Karibu katika kila kisa yupo Daudi, msaidizi wa Kiafrika. Daudi ndiye anayejua nyumba ya mgonjwa, anayejua baba mkwe gani lazima aombwe ruhusa kabla mama mjamzito hajabebwa, anayetafsiri maneno na pia kunyamaza kwa watu. Daktari anakuja na kuondoka. Hospitali inabaki kwa akina Daudi.

Sasa weka kitabu hicho karibu na kingine kutoka nchi ya theluji. Mwaka 1916 Mikhail Bulgakov, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha udaktari, alipelekwa hospitali ndogo ya Nikolskoye, jimbo la Smolensk nchini Urusi. Alikaa huko kama mwaka mmoja, na miaka ya 1920 akaandika visa vya daktari kijana asiyejua kitu, anayetetemeka kila gari la farasi linapoingia uani usiku. Katika kimojawapo analetewa mama ambaye mtoto amelala vibaya tumboni. Daktari anatoka chumba cha upasuaji kwa kisingizio, anakimbilia kitabu cha ukunga, anapekua kurasa, anazidi kuchanganyikiwa. Kinachomwokoa ni mkunga mzoefu, Anna Nikolayevna, anayemsimulia huku wakinawa mikono jinsi daktari aliyemtangulia alivyokuwa akifanya. Maneno yake machache yanazidi kitabu kizima.

Australia na Urusi, mwinjilisti mcheshi na kijana mwenye hofu, visa hivi viwili havifanani kwa lolote isipokuwa hilo. White hatetemeki, Mungu na Sydney wako nyuma yake. Kijana wa Bulgakov hana wa nyuma yake ila wasaidizi wa hospitali, ambao Warusi wamekuwa nao vijijini tangu zamani na ambao kwetu tungewaita matabibu. Kwa wote wawili anayesimulia ni yule anayeondoka. Nadhani hapo ndipo mawazo yetu kuhusu udaktari wa vijijini yalipopindia: tumezoea kuusoma katika maandishi ya wapita njia.

Kuna tofauti moja lakini, na ina uzito. Hospitali ya Nikolskoye haikuwa ya mwenye imani wala ya serikali kuu. Tangu mwaka 1864 wilaya za Urusi zilikuwa na mabaraza yao, zemstvo, yaliyotoza kodi, kujenga zahanati na kuajiri madaktari. Yalitawaliwa mno na wenye mashamba, hilo lisifichwe, lakini daktari alijua mwajiri wake yupo umbali wa mwendo wa farasi. Anton Chekhov, kipindupindu kilipotishia mwaka 1892, aliliendea baraza la wilaya yake akajitolea kuhudumia vijiji 25 bila mshahara. Hakuandika barua Moscow kuomba apangiwe kituo.

Kongwa haikuwahi kuwa na baraza la namna hiyo. Ilichopata ni Skimu ya Karanga. Mwanzoni mwa 1947 matrekta ya Waingereza yalianza kung'oa vichaka hapa, kwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu Tanganyika na nchi za jirani ili Uingereza ipate mafuta ya kupikia. Mji ukachipuka: mahema, kisha nyumba, reli ya tawi kutoka Msagali, shule ya watoto wa Kizungu, tiba. Madaktari na wauguzi walikuja bila shida yoyote, kwa kuwa fedha zilikuwapo, nyumba zilikuwapo, na wenzao walikuwapo wa kunywa nao jioni. Januari 1951 serikali ya London ilifuta mradi na kuandika hasara ya pauni milioni 36. Kilichofuata kinajulikana hata na asiyesoma historia: waliokuja na skimu waliondoka nayo. Hata reli iling'olewa.

Huo ni ushahidi mzuri kwa wanaodhani posho na nyumba ndiyo dawa yote. Fedha humleta daktari popote, hata kwenye nyika isiyo na maji. Lakini daktari wa skimu alikuwa wa skimu. Mgogo wa Sagara alitibiwa kwa kadiri alivyokuwa kibarua.

Kabla sijaondoka kwenye majengo yale yaliyoachwa: kuanzia 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliweka kambi zao Kongwa, na mkuu wa kambi ya FRELIMO alikuwa Samora Machel, aliyesomea uuguzi kabla ya kushika bunduki. Kwa hiyo muuguzi mashuhuri kuliko wote waliowahi kuishi Kongwa hakuja kuuguza Wagogo. Nalisema kwa utani tu. Alikuwa na wagonjwa wakubwa zaidi.

Serikali huru ilijaribu njia yake, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba tumeisahau haraka mno. Wakati wa Uhuru tulikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwaka 1964 tume iliyoongozwa na Richard Titmuss, profesa wa London, ilipendekeza nguvu ziende kwenye vituo vya afya vijijini na kinga, si kwenye hospitali kubwa. Baada ya Azimio la Arusha, hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndivyo ilivyofanyika. Nchi haikuwa na uwezo wa kusubiri madaktari kamili, basi ikafundisha watu wa kati: matabibu wa vijijini, na juu yao madaktari wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianza mwaka 1963, mwaka ule ule shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilipofunguliwa. Daktari msaidizi alikuwa mtu mzima, tabibu mwenye miaka ya kazi mgongoni, aliyerudishwa darasani kujifunza pia upasuaji wa dharura. Utafiti wa Charles McCord, Godfrey Mbaruku na wenzao, uliochapishwa mwaka 2009, uliangalia hospitali za Mwanza na Kigoma ukakuta kwamba sehemu kubwa ya akina mama waliozaa kwa upasuaji walipasuliwa na hawa, na matokeo hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada.

Jina la Mbaruku linastahili kusimama kidogo. Miaka ya 1980 alikuwa daktari katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, mwisho wa reli, wakati ambapo nchi haikuwa na fedha hata ya nyuzi za kushonea. Aliwaita wauguzi, wakunga na wasaidizi wake wakaorodhesha kinachoua akina mama mle ndani, kisha wakarekebisha kimoja kimoja: damu, vifaa vilivyokufa, zamu, namna watu walivyosemeshana. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi katika hospitali ile vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna mpango wa posho uliofanya hivyo. Kulikuwa na mtu aliyekaa muda wa kutosha kujua ubovu uko wapi, na watu waliokuwapo kabla yake waliokubali kumwambia.

Mafunzo ya madaktari wasaidizi yamesitishwa. Hoja ni kwamba sasa vyuo vikuu vinatoa madaktari kamili wa kutosha, na mgonjwa wa kijijini ana haki ya kutibiwa na mwenye shahada. Haki hiyo siipingi. Ninachouliza ni nani atakuwa Anna Nikolayevna wa daktari huyo mpya usiku wa kwanza.

Maana kwa sasa daktari anafika Kongwa hivi. Anaomba kwa mtandao, katika mfumo wa ajira wa serikali. Jina linatoka katika orodha ndefu ya nchi nzima, mbele yake limeandikwa jina la halmashauri ambayo pengine hajawahi kuisikia. Anaripoti na vyeti vyake, anapewa fedha ya kujikimu ya siku chache, anapelekwa kituoni. Tangu mpango wa maendeleo ya afya ya msingi wa 2007–2017, uliokusudia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo si haba; utakuta hata chumba cha upasuaji kinachong'aa. Usiku analetwa mama kwa bodaboda. Ili ampasue anahitaji mtu wa dawa ya usingizi, aliyekwenda semina. Damu, iliyoko hospitali ya wilaya. Na mafuta ya jenereta, ambayo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda msibani. Anampa mama rufaa. Asubuhi anafungua simu, anaingia kwenye kundi la watumishi wanaotafuta kubadilishana vituo, anaandika kwamba yuko Kongwa, anatafuta mtu wa Kibaha au Bagamoyo, vigezo na mawasiliano inbox. Matangazo ya namna hiyo hayana mwisho. Karibu yote yanatoka bara kwenda pwani au mjini, na mara chache mno utaona la mtu wa Kibaha anayetamani Zoissa.

Simlaumu. Kijijini kwake hakuna aliyemwita, wala hakuna atakayejua kama ameondoka kwa uhamisho, kwa masomo au kwa kuchoka. Mwenyekiti wa kijiji hana barua ya kumwandikia mtu. Mganga mkuu wa wilaya ataomba mwingine, na orodha itatoka tena.

Wakulima wa Saskatchewan, katika nyika ya magharibi ya Kanada, walikuwa na tatizo hilo hilo na mvua mbovu kama ya kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, halmashauri ndogo ya Sarnia ilisikia kwamba daktari wake anataka kuhama, kwa kuwa wagonjwa wake hawana fedha mpaka ngano iuzwe, na mwaka mwingine ngano hakuna. Walikutana wakaamua kumlipa dola 1,500 kwa mwaka kutoka kodi ya ardhi, ili abaki. Sheria haikuwa inaruhusu waziwazi. Mwaka 1916 jimbo likairekebisha ikaruhusu. Halmashauri nyingine zikaiga, na wakati wa ukame mkali wa miaka ya 1930 utaratibu huo ulishikilia sehemu ambazo kila kitu kingine kilipeperuka na udongo. Mzizi wa bima ya afya ya Kanada nzima uko kwenye mikutano ile ya wakulima wenye matope kwenye viatu.

Haukuwa utaratibu wa malaika. Daktari aliyeajiriwa na majirani alisimangwa na majirani, aliamshwa kwa mafua, alijikuta katikati ya ugomvi wa wajumbe. Na jimbo lilipoanzisha bima kwa wote mwezi Julai 1962, madaktari wake waligoma kwa siku 23. Lakini hapo ndipo ilipoonekana kazi ya yale mazoea ya nusu karne. Wananchi katika miji kadhaa walifungua zahanati zao za ushirika na kuita madaktari kutoka Uingereza. Hawakukaa kungoja orodha. Walishajua kwamba kumtafuta daktari ni kazi ya raia, kama kuchimba kisima.

Linganisha na tulichokiona jirani. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 wa Cuba na kuwagawa katika kaunti. Kwao Cuba, tangu miaka ya 1980, daktari wa familia huishi ghorofa ya juu na kutibu ghorofa ya chini, katikati ya watu anaowahudumia. Ni mfumo wa kuonea wivu. Ila kilicholetwa Kenya ni madaktari, si ghorofa. Waliletwa kwa mkataba wa serikali mbili, na wawili wao walitekwa Mandera mwezi Aprili 2019. Mwaka 2023 mkataba ulisitishwa, na kijiji hakikuulizwa, kama ambavyo hakikuulizwa wakati wa kuwapokea.

Je, wa nyumbani ndiye jibu? Hapa Ugogo lipo jibu la zamani sana. Mganga wa jadi hakuhitaji kutafutiwa nyumba. Ana shamba lake la uwele, ana mifugo, anazika na kuzikwa pale pale, na kwa desturi ya sehemu nyingi za nchi yetu malipo mazito huja mgonjwa akishapona. Hebu fikiria mkataba wa namna hiyo ukiletwa hospitalini. Serikali yenyewe ilimtambua kwa sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala. Lakini anayetaka kumsifu asiishie hapo. Kuwa wa nyumbani ni pamoja na kuwa na upande katika kila ugomvi wa nyumbani. Huyo huyo anayekutibu ndiye anaweza kuambiwa, au kudokeza, nani amekuroga. Mgeni ana fadhila yake: siri aliyoambiwa haina pa kwenda. Ndiyo maana msichana wa Kongwa mwenye jambo la aibu hupanda basi la Dodoma.

Kwa hiyo sisemi asili ya mtu inatosha. Hospitali ya Lacor, karibu na Gulu, Uganda, iliendeshwa tangu 1961 na mume na mke wageni kabisa, Mtaliano Piero Corti na Mkanada Lucille Teasdale. Waliishikilia kazi hiyo mpaka kufa, Lucille mwaka 1996 na mumewe 2003. Walichofanya tofauti na wengi ni kutafuta mapema wa kurithi. Walimpokea Matthew Lukwiya, Mwacholi wa Kitgum, akiwa bado daktari tarajali mwaka 1983, wakamlea mpaka akaongoza hospitali. Vita vya waasi havikumhamisha. Ebola ilipoingia mwaka 2000 aliikabili mbele ya wauguzi wake, ikamwua Desemba mwaka huo. Alikuwa na vyeti vya kumpeleka popote duniani.

Mfano wa Lukwiya unatisha kidogo, kwani hakuna serikali inayoweza kupanga watu wa namna hiyo. Kinachoweza kupangwa ni kitu cha kawaida zaidi, na Wajapani wamekipanga. Mwaka 1972 mikoa yao yote 47 ilianzisha kwa pamoja Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi. Kila mkoa huchagua vijana wake wawili watatu kwa mwaka, huwasomesha bure miaka sita, nao hurudi kuutumikia mkoa huo huo kwa miaka tisa, sehemu yake vijijini na visiwani. Ukivunja, unarudisha fedha. Walio wengi humaliza, na wengi huendelea kubaki mkoani baada ya deni kwisha, maana kufikia hapo wameshaoa, wameshajenga, wanajulikana. Thailand nayo hulazimisha wahitimu kutumikia umma miaka mitatu. Lakini ninachokipenda kwao ni chama cha madaktari wa vijijini cha tangu miaka ya 1970, kilichowapa watu wa wilayani jarida, mikutano na sauti mbele ya wizara. Upweke wa kitaalamu unahamisha watu kuliko vumbi.

Na Kongwa inao mfano wake, ingawa hauna daktari katikati. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na shirika la Helen Keller International walikuja kuchunguza trakoma, ugonjwa wa vikope, uliokuwa umepofusha wazee wa Ugogo kizazi hadi kizazi. Katika vijiji walivyopima walikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wanao. Wakati huo kila mtu alidhani tatizo ni maji: ungewezaje kumwambia mama anayetembea saa kadhaa kwa ndoo moja amnawishe mtoto uso? Walikaa na akina mama, wakapima pamoja nao, ikaonekana kwamba maji kidogo sana hunawisha nyuso nyingi kuliko yeyote alivyokadiria. Kizuizi kilikuwa ni nani nyumbani anaamua maji yaende wapi. Kampeni ya kunawisha nyuso ikajaribiwa katika jozi tatu za vijiji, na matokeo yake, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, yakawa moja ya nguzo za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma. Mradi uliendelea kwa miongo, maprofesa wakija na kwenda, kwa mikono ya watumishi wanaojua mlango wa kila tembe. Akina Daudi tena, safari hii wakiwa wameajiriwa kwa sifa yao wenyewe.

Ukiyaweka haya yote pamoja, upungufu wa utaratibu wetu unaonekana bila darubini. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha udaktari chini ya kilomita 100 kutoka Kongwa mjini. Mwanafunzi anasomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, halafu anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka mkopo uishe. Deni, kwa maneno mengine, tayari lipo. Ila ni deni la fedha kwa Hazina. Anaweza kulilipa akiwa Mikocheni, akiwa Botswana, na hadaiwi hata siku moja na watu wa Hogoro. Jichi wanadai miaka badala ya yeni, na wanaidai kwa niaba ya mahali penye jina.

Halmashauri zetu zinajua kutenga. Sheria inazitaka zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Kongwa ina ushuru wa mazao wa Kibaigwa. Sioni kwa nini sehemu ndogo ya mahindi yale isisomeshe, kila mwaka, kijana mmoja wa udaktari na wawili wa uuguzi au utabibu kutoka kata za ndani, kwa mkataba wa miaka ya kazi, na ajira yao ikitoka serikalini itoke na jina la Kongwa tayari limeandikwa. Wakifika, wakae kwanza chini ya tabibu mzee mwenye mamlaka halisi ya kuwafundisha, na wawe na haki ya kwenda kusomea ubingwa baada ya muda uliotajwa, si kwa kuvizia.

Nimelipeleka wazo hili kwa watu wa wilayani mara kadhaa katika mazungumzo ya kawaida, na pingamizi halijawahi kuwa fedha. Pingamizi ni kamati. Nani atamteua huyo kijana mmoja? Diwani ana mpwa wake, mkurugenzi ana simu kutoka juu, na mtoto wa mfugaji wa Zoissa aliyefaulu fizikia na kemia katika shule isiyo na maabara hana mtu wa kumpigia. Mimi ningeacha mtihani ufanyike Kongwa na karatasi zisahihishwe mkoa mwingine, majina yakiwa yamefunikwa, kisha walioongoza wahojiwe hadharani na wajumbe wa serikali za vijiji vyenye zahanati, swali lolote wanalotaka kuuliza, kwa Kiswahili au kwa Kigogo.